Sehemu ya Watu

Mimi hakuna kitu kinachoweza kunishangaza. Niliacha shule darasa la tano, nikaja Garissa na begi moja, na leo ukiona tangi la maji juu ya nyumba pale mtaa wa Iftin, jua limetoka dukani kwangu au kwa mtu aliyejifunza kazi kwangu. Mafuriko ya mto Tana yalibeba stoo yangu nzima. Nikaanza upya.

Mke wangu alipozidiwa na saratani, joto la kanisani likawa halimfai tena. Akaniambia, "Baba watoto, basi nisomee wewe Sala za Jioni hapa kitandani."

Nikamwambia mimi huomba kwa maneno yangu, tena marefu.

"Yako ni mazuri," akasema. "Lakini hayana mahali pa mimi kujibu."

Nikaingia darasa. Kila Jumatano nikishafunga duka, msomaji wa kanisa letu, nesi mstaafu, alitufundisha Kitabu cha Sala: kwa nini toba inatangulia, kwa nini zaburi zinapokezanwa, kwa nini maneno ni yale yale mwaka nenda mwaka rudi. "Iko siku mdomo utakauka," alisema, "na siku hiyo hutaweza kutunga kitu. Utayakuta yako tayari."

Mimi nikajifunza sehemu ya kiongozi. Ile ya watu, ya kuitikia, niliiruka, maana lini nimekuwa mtu wa kufuata? Jirani yangu wa dukani, Msomali muuza vitambaa, alinikuta nikikariri katikati ya mabomba.

"Mzee, umerudi madrasa na hiyo mvi yote?"

"Mimi ni kiongozi, walaal, ndugu yangu. Nasoma ya kiongozi tu."

"Haya. Nyinyi wote mkiwa imamu, nani atasali nyuma?"

Tukacheka, nikamwagizia chai.

Nilimsomea mke wangu kila jioni, kidole kwenye mstari. Nikikwama ananisubiri. Nikimaliza anajibu bila kutazama kitabu, na sauti ilivyozidi kupungua nikawa nainama kuisikia. Jioni ya mwisho midomo ilicheza tu. Nikaendelea kana kwamba nimesikia. Asubuhi hakuamka.

Tulimzika nyumbani, Mwingi. Kitabu chake nilimwekea kifuani mwenyewe, nikawaambia watu mimi ninacho kichwani. Kando ya kaburi kasisi alipofika kwenye maneno yanayofanana na yale yetu ya jioni, mdomo wangu ukaenda wenyewe, nikayasema pamoja naye, kwa sauti. Watu wakageuka. Kisha pakafika pa kujibu. Wakajibu wote, hata watoto, na mimi mume nikasimama sina neno. Hapo palikuwa pake.

Niliporudi Garissa, jirani alikuja na ndugu zake wawili kunipa pole. Mmoja aliomba kwa Kisomali, wengine wakaitikia amin. Ule mzaha wa imamu hakuurudia.

Walipoondoka nilikaa kwenye kiti changu cha kila jioni, nikasema ya kiongozi, nikangoja. Nilijaribu kujijibu, sikujua hata jibu linaanza na neno gani.

Kesho yake niliagiza kitabu kingine Nairobi. Sasa najifunza ya watu, kwa kidole vilevile. Kitabu mia tisa, kuletwa kwa basi mia mbili na hamsini. Jumla shilingi elfu moja mia moja na hamsini.