Mke wa Jina Moja na Fomu ya Bima

Mke wangu ana jina moja. Si kwamba mengine anayaficha. Kwao Java, kule Indonesia, mtu anaweza kupewa jina moja, akasoma nalo, akaajiriwa nalo na akazikwa nalo, na asitokee wa kumtazama kama vile ametoka nyumbani bila nguo. Nilimkuta huko nilipopelekwa na chama chetu cha wakulima kujifunza kukausha kahawa. Yeye ndiye aliyetufundisha kuionja, na siku ya kwanza tu alininyang'anya kijiko kwa sababu nilikuwa naimeza badala ya kuitema. Sisi Wameru tumelima kahawa tangu enzi za babu zetu na muda wote huo nyumbani tumekunywa chai. Leo mtu anipe kahawa nzuri, tena ya bure, halafu niiteme?

Miaka miwili baadaye tulifunga ndoa bomani, mbele ya afisa mwenye mafua makali, kwa kuwa mwenzangu ni Mwislamu na mimi ni Mlutheri wa Krismasi na misiba. Tukapanga nyumba Kimandolu. Nilikuwa msimamizi wa upakiaji wa mboga kwenye shamba moja kubwa kule Usa River, na shamba lilikuwa linawakatia wafanyakazi bima ya afya pamoja na wenza wao. Nikadhani kumwingiza mke wangu ni kazi ya asubuhi moja. Nilibeba cheti cha ndoa, nakala ya pasipoti yake, kibali chake cha ukaazi na picha mbili ambazo amenuna, maana mpiga picha alimkataza kucheka. Afisa utumishi wetu, mama mtaratibu aliyeshika kila karatasi kama anachambua mchele, alizipitia zote, akaridhika, akanipa fomu.

Fomu ilitaka jina la kwanza, jina la kati na jina la ukoo. Nikaandika la kwanza, nafasi nyingine nikaziacha wazi. Baada ya wiki mbili ikarudi na maelezo kwamba haijakamilika.

Mara ya pili nikapiga vistari. Uhamiaji wenyewe walikuwa wameweka kistari kwenye kibali chake, nami nikaona kama serikali nzima imetosheka na kistari, kampuni ya bima ni nani ikatae. Ikakataa. Afisa utumishi akanieleza kwa masikitiko kwamba mfumo wa kompyuta hautambui vistari, unataka herufi. Mara ya tatu nikampa mke wangu jina la baba yangu na jina la ukoo wetu, nikiwa nimejaa ukarimu. Safari hii nilipigiwa simu na dada mmoja wa kampuni ya bima. Aliniuliza, kwa upole ule wanaotumia kwa wezi wasije wakakimbia, kama mwanamke wa kwenye fomu na mwanamke wa kwenye pasipoti ni mtu mmoja, au labda nina wake wawili na mmoja wao ndiye nimeamua kumkatia bima.

Nyumbani mke wangu alitaka kujua hayo majina matatu yangu yana kazi gani. Nikamweleza kwamba moja ni langu, la pili la baba, la tatu la babu. Akafikiri kidogo, kisha akauliza kama nikiugua tunatibiwa wote watatu. Hakuwa anatania. Kiswahili chake wakati huo kilikuwa cha mwaka mmoja na kilikuwa bado hakijafika kwenye utani.

Tuliendelea kucheka hivyo mpaka alipougua.

Jumapili tulikuwa na desturi ya kupanda mlimani kwa mama yangu, mjane anayeishi peke yake katikati ya migomba yake na kuimba kwaya ya kinamama kwa sauti inayofika kwa majirani wasiosali. Mama alikuwa akimpikia mkwe wake mtori wa ndizi. Mtori wa mama una nyama ya mfupa, na juu yake mafuta yanaelea kwa fahari. Jumapili ya kwanza mke wangu alishika ubavu wa kulia baada ya kula, akaenda kujilaza. Jumapili iliyofuata ikawa vilevile. Mama akabadilisha bucha. Jumapili ya tatu aliacha hata kuweka chumvi nyingi, jambo ambalo hajawahi kumfanyia mtu yeyote, lakini kabla bakuli halijaisha mke wangu alitoka nje, akatapika nyuma ya banda la ng'ombe, na hakuweza kusimama wima.

Mama alinivuta pembeni. Usoni alikuwa na matumaini ambayo hayakufanana kabisa na hali iliyokuwepo.

"Ni mimba?"

"Siyo mimba, mama."

"Basi ni mtori wangu," akasema, na kwa namna alivyosema nilijua kwamba kati ya mawili hayo hili la pili litachukua miaka kusameheka.

Haukuwa mtori, au haukuwa mtori peke yake. Kesho yake nilimpeleka kupimwa ultrasaundi hapo mjini, na daktari akatuonyesha mawe kwenye kifuko cha nyongo, mengi, yamepangana kama maharage. Alisema hayajaziba njia, ila yakiziba itakuwa habari nyingine. Kifuko kitolewe, tusikae sana. Mke wangu aliitikia kila neno kwa kichwa. Tulipofika nje akaniuliza neno nyongo maana yake nini, nami nikagundua kwamba alikuwa ameitikia yote hayo bila kujua anakatwa wapi.

Usiku huo sikuicheka ile fomu. Asubuhi niliomba ruhusa kazini, nikaenda mwenyewe kwenye ofisi ya kampuni ya bima. Aliyekaa dirishani alikuwa dada yuleyule wa simu, nilimtambua kwa ule upole. Nilimwekea majibu ya daktari mbele yake. Aliyasoma, akaniangalia vizuri zaidi, akavuta kibodi.

"Tuanze upya, kaka. Jina la kwanza?"

Nikamtajia.

"La kati?"

"Hana."

"La ukoo?"

"Hana."

Akachapa, akabonyeza, akasubiri. Kompyuta haikulalamika. Akatabasamu, akaniambia imepita, nifuate kadi baada ya siku nne. Nilitoka pale nikijua kwamba dada huyu ana njia yake ya ndani ambayo wengine hawaijui, na nikamwombea baraka. Kadi ilipotoka niliisoma nikiwa nimesimama mlangoni. Picha ilikuwa yake, amenuna. Jina lilikuwa lake. Na baada ya jina, kwa herufi kubwa, HANA HANA.

Nilitaka kuirudisha palepale. Nilimpigia kwanza afisa utumishi, yule mama wa kuchambua mchele, ambaye kwa kawaida asingevumilia hata nukta iliyokosewa. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akanishauri nirudi nyumbani na kadi yangu na nisiiguse tena.

Mama alipoiona alikaa kitini. Yeye Hana anamfahamu. Ni yule mama wa kwenye Biblia aliyeomba mtoto kwa machozi mpaka kuhani akadhani amelewa. Sikupata nafasi ya kumweleza habari za kompyuta. Kufikia Jumatano kwaya nzima ilikuwa na taarifa kwamba mkwe amepata jina, tena mara mbili, na kwamba limetoka ofisini, siyo kwamba amelazimishwa. Nilimsimulia mke wangu nikiogopa ataudhika. Alicheka mpaka maumivu yakamkamata, ikabidi ashike ukingo wa meza. Alisema mtume wake hatakasirishwa na kadi ya plastiki.

Hospitali iliomba kibali cha upasuaji, kampuni ikakitoa. Siku yenyewe tulifika asubuhi, akavishwa gauni la kufungwa mgongoni na utepe wa mkononi wenye jina. Alikuja nesi mmoja wa makamo na orodha yake ya maswali. Alinitaka nikae kimya, kwa sababu mgonjwa lazima ajitambulishe mwenyewe, kwa mdomo wake, ndipo aingizwe ndani.

Mke wangu akataja jina lake.

"Jina la pili?"

"Sina."

Nesi akatazama utepe. "Hapa pameandikwa Hana."

"Sina."

"Na la tatu?"

"Sina."

Nesi akaweka kalamu chini. Akasema kwamba Sina Sina na Hana Hana ni wagonjwa wawili, na yeye hawezi kumpeleka mmoja akatolewa kifuko cha mwingine. Hakuwa anafanya vituko, alikuwa sahihi kabisa. Kwa karibu miezi mitatu nilikuwa nimesimulia habari za fomu hii kila nilipokaa, watu wakanipigia makofi, na sasa nilikaa pale nikiona upasuaji unaahirishwa kwa sababu mke wangu amejifunza kukanusha vizuri. Nilifungua mdomo. Nesi akaninyooshea kidole bila hata kunitazama.

Mke wangu alijiinua kidogo kwenye machela. Alisema polepole, kama alivyotufundisha zamani kuonja kahawa, "Mimi nikijisemea, ni sina. Wewe ukinisemea mimi, ni hana. Kompyuta ilinisemea."

Nesi alirudia kusoma utepe, midomo ikicheza. Akajifunika uso kwa faili, na mabega yakamtetemeka kwa muda. Alipolishusha alikuwa nesi tena. Aliomba pasipoti, akalinganisha namba, picha na tarehe ya kuzaliwa, akamwita mwenzake naye alinganishe, wakatia sahihi wote wawili. Kisha wakamsukuma ndani na mlango ukajifunga wenyewe.

Mama alifika nikiwa kwenye benchi la ukumbini. Alikuja na chupa ya uji ambao hakuna aliyeruhusiwa kuunywa. Alikaa, akafumba macho, akaanza kuomba kwa Kimeru, kwa sauti ya chini ambayo sikujua kama anayo. Nilisikiliza nipate kujua anamwombea nani. Hakumtaja Hana. Alimtaja kwa jina lake lile moja, akilivunja vibaya katikati, akalirudia na kulirudia. Mimi nilikuwa nimeinama nikitazama viatu vyangu, na nilikaa hivyo muda mrefu kuliko viatu vyangu vinavyostahili.

Kila kitu kilikwenda salama. Kadi hatukuisahihisha mpaka leo, maana kila mwaka inahuishwa yenyewe, na hakuna aliye na hamu ya kuanza upya.

Mama alishuka kuja kumuuguza na akakaa nasi wiki tatu. Alijifunza kupika bila mafuta, akilalamika kwamba ni sawa na kuchemsha nguo. Daktari alikuwa ametupa yale mawe kwenye kichupa, na mke wangu akakiweka dirishani, karibu na vikombe, apate kuyapiga picha awatumie dada zake mwanga ukiwa mzuri. Asubuhi moja kichupa hakikuwepo. Mama akasema ameyafukia nyuma ya nyumba, kwa sababu kitu kilichotoka mwilini mwa mtu hakikai na vikombe vya chai.

Mke wangu alisema ni mawe yake. Mama akasema ni dirisha la mwanawe. Mke wangu akauliza ni nani anayelipangusa hilo dirisha. Mpaka siku hiyo walikuwa wameongea kupitia kwangu, au kwa tabasamu na pole nyingi, mimi nikitafsiri na kupunguza makali pande zote mbili. Sasa walikuwa wamesimama jikoni, kila mmoja na mwiko, wakijibizana kwa Kiswahili neno kwa neno, na hakuna aliyegeuka kunitazama.

Nikachukua kiroba, nikawaambia naenda kununua mkaa. Hawakunisikia. Mkaa tulikuwa nao wa kutosha, kwa hiyo nilipita njia ndefu.