Nilimwambia mwanangu ajibu mtihani kwa Kiswahili

Admin, naomba jina langu lisionekane, ingawa wifi yangu anausoma ukurasa huu na atanijua tu. Mie ni mama wa miaka thelathini na moja, tuko huku Pangani, mtaa siutaji. Napika vitumbua, mume wangu anafua nazi kwenye mashamba ya watu. Shule yangu mie iliishia darasa la saba. Nina binti mmoja, ana miaka kumi na tano, yuko kidato cha pili. Naandika haya kwa sababu mkosaji ni mimi.

Shule ya msingi alikuwa wa kwanza au wa pili, hesabu na sayansi ndiyo michezo yake. Alipoingia sekondari kila kitu kikageuka Kiingereza, akaanza kunyamaza. Lakini nyumbani, akiwa juu ya mbuzi anakuna nazi, alikuwa ananisomesha mie. Siku moja akaniuliza, "Mama, unajua kwa nini tui likikaa, mafuta yanapanda juu?" Nikamwambia ndivyo Mungu alivyoliumba. Akacheka. "Mafuta ni mepesi kuliko maji, Mama. Ndiyo maana na meli inaelea." Akanieleza mpaka nikaelewa, mie niliyeacha shule miaka hiyo yote!

Basi, asubuhi ya mtihani wa fizikia akaniuliza mlangoni, "Mama, na nikisahau Kiingereza chake?" Nikamjibu bila kufikiri, "Andika kwa Kiswahili. Mwalimu si Mswahili mwenzetu? Atakuelewa." Jamani, nilidhani mtihani unapima kama mtoto anajua.

Aliandika karatasi nzima kwa Kiswahili. Akapata sifuri. Swali la kuelea alilieleza kwa mfano wa tui, mwalimu akalisoma jibu hilo mbele ya darasa, darasa likaangua kicheko. Tangu siku hiyo wenzie wanamwita Bi Tui. Alirudi nyumbani, hakulia, alinitazama tu akasema, "Si uliniambia wewe, Mama."

Nikaenda shuleni. Mwalimu ni kijana mdogo tu, ila kwa woga nikamwamkia shikamoo. Akaona haya, akasema, "Mama, mimi ndiye wa kukuamkia wewe." Kisha akaitoa ile karatasi. "Sikuisoma kumcheka. Darasa zima ni yeye peke yake aliyeelewa swali lile. Waliobaki wamekariri." Nikamuuliza, sasa sifuri ya nini? Akainamisha kichwa. "Kwa sababu mtihani wa taifa wa mwaka huu sisahihishi mimi. Akiandika hivi kule, atapewa hiihii. Bora aumie sasa."

Nilimrudishia mwanangu maneno yale nikidhani yatampa moyo. Kumbe nimemmaliza. Sasa anakariri kurasa kwa kurasa, anayumbayumba kama yuko chuoni anahifadhi sura. Tena madrasa ni afadhali, ustadh akishasomesha Kiarabu anawafasiria. Nikimuuliza, hapo maana yake nini? Ananijibu, "Sijui. Ndivyo ilivyoandikwa." Kwenye nazi haniambii tena kitu.

Jumatatu hii akatapika wakati wa kwenda shule. Jumanne hakwenda. Jana nimemkuta mtoto wa jirani kavaa sketi ya shule ya mwanangu. Kumuuliza, ananiambia dada kampa, kasema yeye haihitaji. Nikakaa chini palepale uani. Nilipomfuata binti yangu akanijibu kwa upole kabisa, "Mtihani wa taifa nitaingia, Mama, usiogope. Nitaandika jina langu, nitatoka." Ule upole ndio unaonitisha. Angepiga kelele ningejua la kufanya.

Na wifi yangu wa Usagara, kule mjini, keshapata habari. Ana kiduka cha ushonaji, akanipigia simu: "Wifi, unamtesa mtoto wa kaka yangu. Nipe nije naye mjini. Cherehani haiulizi Kiingereza." Mume wangu kakubali. Wifi anakuja kumchukua Jumamosi. Sisemi ushonaji ni mbaya, nguo ninazovaa zimeshonwa na watu. Lakini wifi namjua, mwanangu atakuwa wa kufagia na kumlelea watoto wake. Na mtoto huyu ana kichwa, wallahi nimekiona mwenyewe.

Nimeshaifuata ile sketi, nimeifua, ipo kwenye kamba. Ila sijui nimwambie nini ili aivae. Nimwambie akariri asichokielewa, almuradi apite? Au nimuache aelewe, halafu afeli?

Mama mwenzangu ambaye mwanao alikwama hapa akavuka, nielekeze alivukaje. Na nyie walimu mnaosoma hapa, mtoto anayejua jibu kwa Kiswahili anaanzia wapi, na wiki zilizobaki ni chache? Nitasoma kila mtakachoandika, hata matusi. Ila niandikieni kabla ya Jumamosi, wifi hajabisha hodi.