Nilivyolifundisha Gumba Kukimbia

Mimi ni nesi, na kwa miaka kumi na moja nilikuwa pia mpiga besi wa kwaya ya usharika wetu pale Kihesa, Iringa. Wageni walishangaa kumwona mwanamke amesimama kando ya spika na gitaa zito la nyuzi nne begani. Wengine waliniuliza kama namshikia mtu. Sikuwa nawajibu. Nilisubiri wimbo uanze, wajibiwe humo humo.

Mbele ya spika yangu alisimama mama mmoja wa sauti ya pili, mtu mzima, ambaye masikio yake yalikuwa yanaishiwa nguvu mwaka hadi mwaka. Alikataa kabisa kuhamishwa pale. Alikuwa akiniambia, “Mwanangu, mimi wewe nakusikia kwa miguu.” Nilidhani ananipamba tu, kama mama zetu wanavyojua kumpamba mtu.

Halafu barua ya uhamisho ikaja, nikapelekwa kwenye zahanati moja Mbeya. Gitaa ni langu, nikaondoka nalo. Amplifaya ni ya kanisa, ikabaki. Niliagana nao bila wasiwasi, nikijua wataniita kila sikukuu, maana kwaya bila besi ni kwaya gani hiyo? Kumbe.

Wiki ya tatu wakatuma video ya Jumapili kwenye grupu. Naisikiliza, nasikia besi. Besi kabisa, imetulia, inatembea. Nikamwandikia mwalimu wa kwaya: nani anapiga? Akanijibu kwa ule upole wake unaonikera: “Usijali dada, mpiga kinanda anaipiga kwa mkono wa kushoto.”

Mkono wa kushoto! Jamani. Miaka kumi na moja ya mtu mzima, mazoezi ya Jumanne na Alhamisi, mvua na baridi, nafasi yake imejazwa na mkono wa kushoto wa mtu ambaye mkono wa kulia una kazi nyingine. Nilikaa kitandani na viatu vya kazini miguuni, nikausoma ule ujumbe mara nne. Iliniuma, sitaki kusema uongo.

Na Mbeya sikuwa na mtu. Kazini wenzangu walikuwa watu wazuri, lakini chai ikishamiminwa Kinyakyusa kinaanza, kicheko kinapita juu ya kichwa changu, mimi nabaki natabasamu na kikombe. Siku nzima naitwa nesi, nesi, nesi. Saa kumi nafunga koti, napita kununua viazi na parachichi, narudi kwenye chumba changu kimoja, na mpaka kesho yake asubuhi sauti yangu naisikia nikikohoa tu. Zipo Jumamosi nilizowahi kumaliza bila kusema neno hata moja. Nilikuwa mpweke, basi, hakuna jina jingine.

Hapo ndipo nikaapa. Kinanda kinaweza kuigiza karibu kila kitu, ila besi ya kofi hakiiwezi. Namaanisha ile ambayo gumba linaugonga uzi mnene mpaka unagonga chuma cha shingo ya gitaa, halafu kidole cha shahada kinauchomoa uzi mwembamba na kuuachia, unalia pa! Vijana wa bendi wanaita kuslapu. Nilikuwa naijua juu juu tu, kwa kuchezea. Nikasema nitajifunza mpaka iwe na mbio, nirudi Kihesa, nisimame palepale, tuone huo mkono wa kushoto utajificha wapi.

Nilianza vibaya. Nilifikiri mbio zinatoka kwenye nguvu, kwa hiyo nikawa natwanga. Mkono mzima ulipanda na kushuka kuanzia begani, na baada ya dakika kumi gumba limevimba pembeni. Lengelenge likatokea, likapasuka, na kesho yake nikatumbukiza kidole kwenye spiriti kazini, mbele ya mgonjwa. Machozi yakanitoka. Mgonjwa akaniambia pole nesi, tena yeye ndiye aliyekuja kuchomwa sindano.

Bila amplifaya, besi haina sauti ya maana. Kinachotoka ni vile vishindo tu: to, to, ta. Jirani yangu, mama wa Kinyakyusa ambaye chumba chake na changu vinagawana ukuta, akanisimamisha bombani. “Nesi, unatwanga nini humo ndani kila jioni?” Nikaona aibu kueleza. Nikasema karanga. Akafurahi, akasema basi siku moja na mimi nionje. Kwa miezi yote iliyofuata nilikuwa na deni lake la karanga ambazo hazikuwahi kuwepo.

Taratibu nikaanza kuelewa. Nilipandisha mkanda, gitaa likakaa juu tumboni badala ya kuning'inia kama la vijana. Niliacha kutumia bega, nikawa nazungusha kifundo cha mkono peke yake, kama mtu anayefungua kitasa. Gumba nikalifundisha kugusa na kuondoka hapohapo, maana likilala juu ya uzi linaua sauti na linachelewa kwa pigo linalofuata. Kidole cha shahada nilikuwa nakichimbia chini ya uzi kama natafuta kiazi. Nikakipunguza, kikawa kinapita kwa ncha tu. Mkono wa kushoto, wa kwangu sasa, si wa yule bwana, nikaufundisha kulaza vidole juu ya nyuzi zisizotakiwa ili zisilielie ovyo.

Na mbio nilizipandisha kinesi. Kwenye simu kuna kidude cha kuhesabu mapigo, tik, tik, tik. Nilianzia sabini kwa dakika, moyo wa mtu mzima asiye na shida. Sikuruhusu kuongeza mpaka nimepiga mara tatu mfululizo bila kosa. Hapo naongeza tano. Nikikosea narudi nyuma kumi, na matusi juu. Tisini ilinichukua karibu mwezi. Mia na tano ilinikataa, nikaitupa simu kitandani, nikaiomba radhi, nikaiokota. Nilipofika mia na ishirini, ambayo kwa mgonjwa aliyelala ningeita daktari, gumba lilikuwa linakwenda lenyewe, jepesi, mimi nalitazama tu. Nilicheka kwa sauti. Nikageuka kumtafuta mtu wa kumwonyesha, nikakuta mlango na koti langu.

Sikukuu ya mavuno ilipokaribia nikaomba ruhusa ya siku mbili, nikaenda Iringa. Nilifikia kwa dada yangu, mtaa wa Mlandege, na Jumamosi mchana nikapanda Kihesa kwenye mazoezi na gitaa mgongoni. Walinipokea vizuri sana, salamu za Kihehe, kamwene nyingi, kukumbatiana, umekonda, Mbeya hawakulishi? Mpiga kinanda mwenyewe akanichomekea waya. Nikasema moyoni, ngoja.

Wimbo ukaanza. Nikaufungulia. Gumba, shahada, gumba gumba, shahada, safi, hakuna noti iliyolala. Sauti za juu wakageuka kutazama. Mmoja akatoa simu kunirekodi, na mpiga ngoma akapiga kelele, “Weee, dada!” Kwa nusu dakika nilikuwa mtu mwenye furaha kuliko wote mkoa wa Iringa.

Kisha mstari wa sauti ya pili ukagongana kwenye hatua za kucheza. Mwalimu wa kwaya akasimamisha, akasema, “Tena.” Tukarudia. Wakagongana tena, palepale, mmoja anakwenda kulia, mwenzake yuko kushoto. Mara ya tatu yule mama wa mbele ya spika akatoka kwenye mstari, akaenda kukaa kwenye benchi.

Nikamfuata. “Mama, umechoka?”

“Sijachoka, mwanangu.” Alinitazama kwa huruma, na huruma yake ndiyo iliyoniudhi zaidi. “Miguu yangu haikupati. Nakutafuta, sikupati. Huyu wa kinanda nampata.”

Mwalimu wa kwaya akaja, akanishika bega. “Dada, kesho tuache kinanda kishike besi kama tulivyozoea. Wewe utuongezee sauti ya pili.”

Nilirudi Mlandege. Dada alipakua ugali, sikula. Nilimwambia asubuhi napanda gari narudi Mbeya, na gitaa nitalitafutia mtu wa kumpa. Hakunibembeleza. Alichukua sare yangu ya kwaya kwenye begi, akaipiga pasi, akaitundika kwenye msumari. Asubuhi nilipoiona imenyooka vile nikashindwa hata kugomba, nikaivaa.

Kwa hiyo Jumapili ile nikasimama kwenye mstari, pembeni ya yule mama, mikono mitupu. Wimbo ukaanza, mstari ukaondoka, na mimi nikabaki. Miaka kumi na moja nimeipigia kwaya ile, na hatua zake sikuwahi kuzicheza hata siku moja. Nilikuwa nyuma ya watu nikitazama vidole vyangu. Kulia mbili, kushoto mbili, na pale katikati mguu wa kushoto unarudi nyuma nusu hatua, mstari mzima unatulia kidogo sana, unasubiri. Mimi nilienda kulia wao wakirudi nyuma, nikamkanyaga mama wa watu mbele ya usharika mzima.

Hakunisukuma. Aliendelea kuimba, macho mbele, akanishika mkono. Gumba lake likakaa juu ya kifundo changu, na kila mguu uliporudi nyuma aliniminya mara moja. Mara moja tu. Hapo. Akaacha. Hapo tena. Sisi manesi tunafundishwa kwamba mapigo ya mgonjwa hayahesabiwi kwa gumba, maana gumba lina mapigo yake lenyewe, litakudanganya. La kwake nililiacha linipe lolote lililokuwa nalo. Ubeti wa pili miguu yangu ikaingia. Na nikajua kwamba pale penye ile nusu hatua, ambapo zamani nilikuwa naweka noti moja nzito bila hata kufikiria, Jumamosi nilipajaza noti sita. Nilizijaza zote kwa ufundi mkubwa, na sikuwaachia mahali pa kukanyaga.

Baada ya ibada mwalimu wa kwaya aliniuliza kama nitakuja Krismasi.

“Nije na gitaa au bila gitaa?”

Akacheka. “Njoo nalo. Ila uje mapema, tufanye mazoezi pamoja wiki nzima, tuzoeane upya.”

Nikasema sawa. Sote wawili tulijua zahanati yenye manesi wawili haitoi wiki nzima ya Krismasi, na hakuna aliyelitamka hilo. Nikamsaidia mpiga kinanda kukunja waya.

Jumatatu nilirudi kazini, na saa kumi nikafunga koti kama kawaida. Chumbani nilitoa gitaa kwenye mfuko. Simu nikaiweka chini ya mto, kidude na mapigo yake yote. Nikavua viatu, nikasimama katikati ya chumba, kati ya kitanda na ndoo, nikaanza kutembea: kulia mbili, kushoto mbili. Nilikuwa napiga gumba peke yake, polepole, pale tu mguu unaporudi nyuma. Lilitua jepesi, na lilitua kwa wakati. Miezi ile haikupotea yote. Nikawa nakanyaga kwa nguvu ili nijisikie, huku naimba sauti ya pili, na kwa kuwa sauti ya pili peke yake haikamiliki, nikaruka nikaimba na ya kwanza.

Ukuta ukagongwa.

“Nesi!” Jirani yangu alikuwa amechangamka kabisa. “Leo nasikia miguu na nyimbo humo! Umepata wageni?”

Nilisimama na soksi zangu, mguu mmoja nyuma.

“Hapana, mama,” nikamjibu. “Niko peke yangu.”