Mapambano Sita ya Idi

Kwa miaka ishirini na saba hapakupiganwa ndondi mtaani Buyenzi bila Ilias kuandika. Siku za kazi alitunza ghala la vipuri vya magari, na alijua kila beringi ililala rafu gani. Jumamosi alikaa kando ya ulingo na kalamu mbili, ya pili ikiwa ya akiba. Hakushangilia. Watu waliomzunguka waliporuka juu, yeye alitazama saa yake akaandika raundi na dakika. Daftari zilikuwa zimefika kumi na nne, zote zimefunikwa karatasi ya kaki, na ndizo zilizoitwa palmarès ya Buyenzi. Aliyetaka kujua nani alimpiga nani, alikwenda kwa Ilias.

Jumamosi iliyopita aliandika mstari ambao hakuutarajia. Moubarak, mtoto wa dada yake, bondia wa uzito wa juu ambaye hakuwa amepoteza hata mara moja, aliangushwa raundi ya nne na Adolphe, mpakiaji mizigo wa Kamenge aliyehamia kutoka Uvira. Mwamuzi alihesabu mpaka kumi. Ilias naye alihesabu kimoyomoyo, akimwomba Mungu kijana ainuke. Hakuinuka.

Moubarak alikuwa na miaka thelathini na tatu, fundi wa breki, na mwezi uliofuata mji ulikuwa upeleke bondia mmoja wa uzito wake kwenye mashindano Kigali. Buyenzi walikwisha kumpeleka kwa midomo tangu zamani. Sasa kamati ya vilabu ilikuwa ikutane Alhamisi kuchagua, na kanuni yake ilikuwa fupi: kama mmoja amemshinda mwenzake, mshindi ndiye anayekwenda, kama wametoshana, inatazamwa palmarès, nani ana ushindi mwingi zaidi.

Jumatatu Mzee Uthmani, mwenyekiti wa klabu, alifika ghalani akiwa mtulivu kabisa. Alimkumbusha Ilias kwamba vijana hawa walikutana miaka mitatu nyuma, na Moubarak alishinda raundi ya tatu.

"Moja yetu, moja yao," alisema. "Halafu ishirini na mbili zetu, kumi zao. Nani atafungua kinywa?"

Alipoondoka, Ilias alishusha daftari la kumi na moja. Mstari ulikuwepo, kwa mwandiko wake mwenyewe. Lakini tarehe ilikuwa ya siku ya pili ya Idi, na hapo akavuta kiti.

Ngumi za Idi zilikuwa desturi ya mtaa. Mchana wa siku ya pili aliitwa bondia mgeni, wakachezacheza na kijana wa nyumbani bila kuumizana, na raundi ya tatu mgeni alikaa chini ili watoto wafurahi. Kisha wote walikula pilau sinia moja. Hakuna aliyeziita pambano. Ilias aliziandika kwa sababu yeye aliandika kila kitu, na mwaka wa kwanza aliweka alama ndogo nyekundu pembeni ili zisihesabiwe. Ila daftari lilipojaa alihamishia jumla kwenye jipya, na ile alama ikabaki nyuma. Aliendelea hivyo, daftari baada ya daftari. Alifungua daftari zote sasa, akahesabu mara mbili. Ngumi za Idi za Moubarak zilikuwa sita. Moubarak hakuwa na ushindi ishirini na mbili. Alikuwa na kumi na sita, na hakuwahi kumshinda Adolphe.

Jumatano Moubarak alipita ghalani, taya imevimba, anakunywa uji tu. Ilias alikusudia kumwambia. Alianza kwa kumuuliza habari ya taya, na kijana akakaa juu ya tairi.

"Mujomba, mi nimechoka," alisema. "Kila garaji banauliza ilikuwaje. Nikienda Kigali tu, batanyamaza."

Ilias alimjazia uji kikombe cha pili.

Alhamisi alasiri walikutana barazani kwa Marguerite, katibu wa kamati, kule Gihosha. Uthmani alikaa karibu na Ilias. Moubarak alibaki kwenye ngazi, hakutaka kutazamwa. Upande wa Kamenge alikuja Irène, mke wa Adolphe, kwa kuwa mumewe alikuwa kazini na yeye ndiye aliyemwandikia mapambano yake. Alileta karatasi moja iliyopigwa mistari kwa rula: ushindi kumi, kushindwa mara nne. Ya Idi ilikuwemo, imeandikwa "kashindwa". Mumewe alimwambia kakaa chini, naye akaandika. Alichoshangaa siku ile, alisema, ni kwamba mtu aliyepigwa alirudi nyumbani na pilau. Watu wakacheka kidogo.

Marguerite alizisoma hesabu zote mbili kwa sauti, ya daftari la Ilias na ya karatasi ya Irène, akaziweka pamoja.

"Bon. Zinasema neno moja. Wametoshana. Papa Ilias, unaweka sahihi?"

Hapakuwa na wa kumpinga. Hata aliyedhulumiwa alikuwa amejiandikia mwenyewe kwamba alishindwa. Ilias alitazama mwandiko wa Irène, kushindwa kumeandikwa kwa wino ule ule wa ushindi, bila kufichwa, na akaona mkono wake hauwezi kuandika jina lake chini ya hapo.

"Ile ya Idi haikuwa pambano," alisema. "Nilikuwepo. Aliambiwa akae, akakaa. Na ziko zingine tano za namna hiyo. Kosa ni langu, mi ndiye niliyezijumlisha."

Uthmani aligeuka polepole. "Ilias, weye ni mutu wa wapi?"

"Wa Buyenzi, Muzee."

"Apana. Leo umehama."

Akavaa kofia yake, akashuka ngazi bila kumwangalia Moubarak. Kamati haikukaa muda mrefu. Jina lililoandikwa lilikuwa la Adolphe. Irène hakufurahi kwa sauti. Aliomba kalamu kwa Ilias, akaukata ule mstari wa Idi kwa utaratibu, akairudisha kwa mikono miwili.

Moubarak hakutaka kupanda basi na watu. Waliteremka kwa miguu kuelekea Mutanga, kijana mbele, mjomba nyuma na mfuko wa daftari. Njiani Moubarak alikaa kwenye ukingo wa mtaro akashika taya.

"Ulijua tangu lini?"

"Tangu Jumatatu."

"Na jana ulininywesha uji tu."

"Nilishindwa kusema."

Ilias naye akakaa, magoti yakimuuma.

"Zinabaki ngapi?" Moubarak aliuliza.

"Kumi na sita."

"Hizo nilipigana kweli?"

"Zote."

"Nisomee."

Ilias alitoa daftari, akavaa miwani, akaanza kusoma jina la mpinzani, tarehe, raundi. Alisoma taratibu, kwa sauti isiyopanda wala kushuka, na Moubarak akafumba macho kusikiliza. Walipofika la tisa alimkatiza.

"Yule nilimwangusha raundi ya pili, mujomba."

"Ya tano," alisema Ilias. "Tena alikuwa amekwisha kukuchosha."

Moubarak alicheka, akaumia taya, akaishika.

"Ya tano, basi," alisema. "Endelea."