Alilinusa Jani la Mama

Kabla hujaniuliza: sikuwa na malaria, sikuwa nimekunywa mbege, na macho yangu ni mazima. Katekista wetu ameshaniambia ulikuwa ukungu tu. Mwalimu mmoja wa sekondari akasema ni huzuni. Wote wawili niliwapikia chai, wakanywa, wakaenda zao. Hawakuwepo. Mimi nilikuwepo, kwa hiyo nisikilize mimi.

Tunakaa Kilema, juu kabisa mlimani Kilimanjaro, mimi na Mama. Nyuma ya kihamba chetu, yaani lile shamba la ukoo, kuna ua wa masale, na nyuma ya ua ni msitu. Nilirudi nyumbani ndoa iliponishinda, nikakuta wanyama ndio majirani. Basi nawajua. Kuku wangu akiona mwewe anatoa mlio mmoja, akiona mnyama wa chini anatoa mwingine, na hakosei. Kima nao wana mlio wao wa chui. Wapo watu wanaosema wanyama wanaongea kama sisi, ila hatuwaelewi tu. Wanajidanganya. Nimefuga kuku tangu nikiwa mtoto na sijawahi kumsikia hata mmoja akimlilia mwewe wa jana.

Sasa, Deo. Ni mdogo wangu, kitindamimba wa Mama. Aliondoka nyumbani kwa ugomvi. Alifyeka mstari mzima wa mibuni aliyoipanda marehemu baba, ati apande parachichi, bila kumwambia mtu. Mama akamwambia, mbele ya majirani, asikanyage pale mpaka siku ya kumzika yeye Mama. Deo akashuka na begi moja. Tukasikia yuko Bomang'ombe, halafu simu ikawa haipatikani. Miaka minne ikapita. Kila Krismasi Wachaga wote wanapanda nyumbani, magari yanajaa barabarani, na Mama anakaa pembeni ya nyumba akiwatazama watoto wa wenzake. Yale maneno yake yalikuwa yanamtafuna.

Ilikuwa mwezi wa saba, mwaka juzi, saa kumi jioni. Mtu wa huku anaijua baridi ya mwezi wa saba: ukungu unashuka mpaka huoni mgomba ulio mbele yako. Nilikuwa bandani nalisha ng'ombe. Nikasikia kuku wanapiga ule mlio wa mnyama wa chini, wote kwa pamoja. Halafu nikasikia Mama anacheka. Mama alikuwa hajacheka tangu Deo aondoke! Nikatupa majani, nikakimbia.

Nikamkuta kwenye ua, anatenganisha masale kwa mikono yake. Upande wa pili alikuwa amesimama Deo.

Niamini, sikuogopa. Nilifurahi mpaka nikalia. Ni sura yake, ni kovu lake la kidevuni, ni koti lile lile la bluu aliloondoka nalo. Hata sauti ni yake.

"Dada," akasema. "Baridi."

"Deo! Ulikuwa wapi wewe?"

"Niko hapa."

"Miaka minne, Deo! Ulikuwa unaishi wapi?"

"Niko hapa. Njaa. Mama, njoo."

"Si uingie basi, mtori upo jikoni."

"Mama, njoo."

Hapo ndipo nikaliangalia lile koti. Miaka minne, na halijapauka hata kidogo. Nikamuuliza nani amemleta, amepanda na gari ya nani, Krismasi atakuwepo? Niliuliza yote mfululizo, nikitamani ajibu hata moja. Alinitazama mdomo tu. Kisha akasema tena baridi.

"Acha kumhoji mtoto kama polisi," Mama akanifokea. "Huoni amechoka? Mwanangu, hata usiseme kitu. Mwenye kosa ni mimi."

Akakata jani moja la masale, akalipiga fundo, akamnyooshea kwa mikono miwili. Kama wewe si wa huku, nikueleze. Jani hilo tunaliita isale. Kwetu ukimpa mtu isale umemwomba msamaha, na anayepewa hana njia ya kukataa, hata kama umemuulia ndugu. Ni jani tu, linaota kwenye kila ua, lakini hakuna Mchaga, hata mlevi wa kutupwa, asiyejua linasema nini. Na hapa ni mama mzee, anamwomba msamaha mtoto aliyemzaa!

"Yale niliyosema siku ile, Deo. Nisamehe."

Akaliinamia lile jani. Akalinusa. Akalinusa tena upande wa pili, akaliacha lianguke, akamshika Mama mkono na kuanza kumvuta kuelekea msituni.

Alikuwa ameona jani, basi. Hakuona kitu kingine.

Unadhani nilifanya nini? Panga nililiacha bandani. Sala zote zilinitoka kichwani. Nilichobaki nacho ni hasira na mdomo, na mdomo wangu unajulikana mpaka Moshi mjini, ndio ulionitoa kwenye ndoa. Nikamkumbatia Mama kiunoni, nikaliambia lile jitu usoni:

"Haendi! Haendi leo, haendi kesho! Huyu ana mtoto anaitwa Deo, aliyekata mibuni ya marehemu. Wewe unamjua marehemu? Unajua alizikwa wapi, na nani aliimba? Mtoto wake atarudi, na asiporudi tutamlilia yeye, si wewe! Wewe una baridi na njaa tu. Hata ng'ombe wangu anazo!"

Likasema "njoo" kwa sauti ya Mama. Halafu likasema "njoo" kwa sauti yangu mimi. Nikaendelea kusema. Nikalisimulia ubatizo wa Deo, nikalisimulia mbuzi wa Krismasi ambaye hata hajazaliwa, nani atapewa kidari na nani mguu. Likaanza kutikisa kichwa kama mtu aliyeingiwa na siafu sikioni. Likamwachia Mama, likarudi nyuma, ukungu ukalifunika. Punde tukasikia chui, ule mlio wake wa msumeno unaokata ubao, na kima wote wa msituni wakaanza kupiga kelele. Mkononi mwa Mama kulikuwa na mikwaruzo minne, na alama zake zipo mpaka leo.

Ungedhani alinishukuru? Aliniambia, "Umemfukuza mwanangu." Baada ya hapo akabaki na maneno matatu: baridi, njaa, chai. Nilimpeleka hospitali, wakasema ni uzee. Mimi nikakataa. Kila jioni nilikaa naye jikoni nikamsimulia ya jana, nikamuuliza ya kesho. Majirani wakasema nimechanganyikiwa, naongea peke yangu. Nikawaambia wakapike kwao. Niliumia, sitaficha. Nilikuwa namtazama mama yangu na kuogopa kwamba lile jitu liliondoka naye, mimi nikabaki nimekumbatia mwili.

Mwaka mzima ulipita hivyo. Jioni moja namenya ndizi, nyingine ziko motoni, yeye anaota moto, akasema bila kunitazama:

"Deo akija Krismasi, usimwambie kwamba nilimfananisha na yule."

Nikaweka kisu chini. Nikamjibu, "Sitamwambia, Mama," kisha tukalia wote wawili mpaka ndizi zikaungua.

Krismasi ile Deo hakuja. Tunamngoja ijayo. Na wewe, akija mtu wako uliyempoteza, usimpime kwa sura wala kwa sauti. Muulize ya jana. Muulize mlichogombania. Akikujibu njaa na baridi tu, mfungie mlango, hata kama moyo unapasuka. Na yule wa msituni akitaka kurudi, aje tu. Mdomo ninao.