Uliza Usichokijua

Kutoka mjini mpaka shule ile ni siku mbili za gari, na ya tatu ni ya kulisukuma gari lenyewe. Vyumba viwili vya darasa, nyumba moja ya mwalimu, basi. Ufunguo wa nyumba hiyo mtunzaji wake ni Shangazi. Si shangazi wa mtu mmoja. Hata waliomzidi umri humwita hivyo, naye huitika bila kuona haya. Ni msaidizi wa darasa: mwalimu akisema kwa lugha ya serikali, yeye huwageuzia watoto kwa lugha ya nyumbani. Mwalimu akihama, ufunguo hurudi kwenye msumari ukutani kwake. Walimu kumi na mmoja amewapokea, na ufunguo umerudi mara kumi.

Wa kumi na mmoja alikuwa kijana mwenye viatu vizuri na subira fupi. Hakuwa mtu mbaya, tusimsingizie. Aliingia darasani kabla ya kengele, na ubao aliufuta mwenyewe. Ila wenzake waliotangulia walikuwa wakiimbisha tu, mmoja anasema na wote wanafuata. Huyu alitaka kumuuliza mtoto mmoja mmoja. Anainua kikombe: "Hiki ni nini?" Kimya. Anainua vidole: "Vingapi hivi?" Kimya, watoto ishirini na sita wa darasa la pili wametulia kama maji mtungini, macho chini. Shangazi akiwageuzia swali, ndiyo kwanza wanazidi kuinama. Miezi miwili ikapita hivyo.

Jumatano moja Shangazi akamkuta Mwalimu mezani anaandika ripoti ya ofisi ya elimu, maana gari la ofisi lilikuwa linakuja Ijumaa.

"Unaandika nini, Mwalimu?"

"Majina, Shangazi. Darasa la pili hawawezi. Nimeomba warudishwe nyumbani kwanza, darasa lifungwe, na mimi nihamishwe. Nimejaribu, jamani, nimeshindwa."

Shangazi akaivuta ile karatasi. Jina la nne lilikuwa la mjukuu wake, yule kabinti waliyempachika jina la Kijiti kwa wembamba wake. Mbele yake pameandikwa: Haelewi. Loo! Neno hilo alilijua. Ndilo aliloandikiwa yeye mwenyewe akiwa na miaka minane, baada ya mwalimu wa siku hizo kumwinulia chaki na kumuuliza hii ni nini. Alirudishwa nyumbani na karatasi asiyoweza kuisoma, akampa mama yake kwa heshima, kwa mikono miwili. Kusoma alijifunza ukubwani, kwa kufuta mbao za walimu polepole makusudi.

Hapo hasira zikampanda. Akavuta kiti, akamweka kitako.

"Weka kalamu chini. Wewe kikombe unakijua, hukijui?"

"Nakijua."

"Sasa unamuuliza mtoto ya nini? Kwetu mtu akikuuliza anachokijua, ama anakutania ama anakutega. Mtoto aliyelelewa akalelewa anainamisha macho mpaka mkubwa amalize utani wake. Miezi miwili watu wanakustahi, wewe unawaandika wajinga!"

Mwalimu akashika kichwa. "Mbona hukuniambia siku zote hizo?"

"Nilidhani unatania! Ningejuaje kwamba mtu mzima na vyeti vyake anauliza kikombe kwa dhati?"

Kijana wa watu akacheka bila kupenda. "Kwa hiyo niwaulize nini?"

"Nyie wenyewe mnasema kuuliza si ujinga. Haya, uliza usichokijua."

Alhamisi asubuhi Mwalimu akasimama mbele ya darasa mikono mitupu, hana kikombe wala chaki. Akafikiri weee. Mwisho akasema, "Maji yangu. Tangi langu linakauka kila wiki mbili. Nimeweka kufuli kwenye bomba, bado yanakwisha. Nani anayaiba?"

Shangazi akageuza yote, hata lile la wizi, ingawa hakulipenda. Watoto wakatazamana. Kijiti akasimama, Shangazi akawa anayageuza majibu kwa Mwalimu.

"Hayaibwi. Tangi limepasuka kwa nyuma, upande wa ukuta. Mbuzi wanakunywa hapo kila asubuhi."

"Na nyuki!" akadakia mwingine.

"Yanamwagika ndoo mbili kwa siku!"

"Tatu! Mimi nakinga mwenyewe, namwagilia maboga yetu!" Huyo akaziba mdomo, lakini lilikuwa limeshamtoka.

Darasa lote likaangua kicheko, na Mwalimu ndiye aliyecheka kuliko wote. Akaokota chaki. "Tatu kila siku. Kwa hiyo kwa wiki nimepoteza ndoo ngapi? Kweli sijui, sijapiga hesabu."

"Ishirini na moja," Kijiti akamjibu kabla hajaandika hata namba moja.

Mwalimu akakaa juu ya dawati. "Walikuwa wanajua muda wote," akamwambia Shangazi.

"Ulikuwa umewauliza?"

Ijumaa asubuhi Shangazi anafagia uwanja wake, akamwona Mwalimu anakuja na karatasi mkono mmoja, ufunguo mkono wa pili. Akadhani ufunguo unarudi msumarini. Jeuri yake yote ikamwishia mikononi, akauegemea ufagio.

"Shangazi," Mwalimu akasema, ameuinua ule ufunguo juu, "hiki ni nini?"

Shangazi akainamisha macho, kimya.

"Umefaulu," akasema Mwalimu, akaurudisha ufunguo mfukoni. "Nisomee hii kabla haijaondoka. Angalia kama nimekosea."

Tangu azaliwe hakuna mwalimu aliyewahi kumpa karatasi akague. Akaisoma kwa sauti, taratibu. Majina yote ishirini na sita yalikuwepo, na "haelewi" zote zimefutwa. Chini kabisa pameandikwa: Asiyeelewa alikuwa mwalimu. Ameanza kujifunza. Tafadhali msimhamishe.

"Hujakosea," akasema, na machozi hakuyaficha.

Gari lilipofika, dereva akapiga honi. "Mwalimu wenu yuko wapi? Nimemwachia nafasi ya begi, kama wenzake."

"Yuko nyuma ya nyumba anaziba tangi. Darasa la pili wanamfundisha." Shangazi akampa ile karatasi kwa mikono miwili, kisha akaingia ndani, akatundika chujio lake kwenye ule msumari wa ufunguo.