Mukwe Hakai Namba Ine

Mwaka baba yangu alipozama ziwani upande wa Ubwari, nilikuwa na miaka kumi na moja. Masomo yakaishia hapo, mwaka wa tatu wa primaire. Sina aibu. Wenye diplome wengi ni mimi niliwafundisha kuchomeka waya.

Nilianza Lweba, kwa fundi wa haut-parleur, vipaza sauti. Siku ya kwanza alinibebesha pembe ya bati kichwani: "We, kazi yako ni shingo." Miaka mitatu nikawa shingo. Kisha Fizi-Centre, kuwasha groupe, jenereta ya umeme, kwenye mikutano. Mwisho mjini Baraka, kwenye salle, ukumbi wa sherehe, chini ya Directeur mwenye mwili mudogo na sauti kubwa. Ndiko nilikutana na matrice.

Matrice ni sanduku la chuma. Nyuma iko na matundu mane ya kuingiza picha na sauti, ndiyo entrée, na mane ya kutoa, ndiyo sortie. Yenyewe ndiyo inapeleka picha kwenye skrini. Vifungo vya ile yetu vilikuwa vimekufa, basi tuliiandikia amri kutoka ordinateur, kompyuta, kwa kamba ya port série yenye meno tisa. Kasi iwe 9600 pande zote mbili, la sivyo inakujibu herufi za mulevi. Ukiandika E3S1, entrée ya tatu inaenda sortie ya kwanza. Lakini lazima umalizie kwa kubonyeza kifungo cha ordinateur, nacho kinaitwa Entrée. Siku moja nilisahau, pasteur akahubiri juu ya kufunga huku skrini zote zikionyesha mpira.

Directeur akaniita. "Papa Asani, kosa moja tena, naleta kijana wa diplome toka Uvira. We utarudi kubeba pembe."

Nyumbani batoto saba walikuwa wanakula kwa hiyo kazi.

Ikaja arusi ya binti wa mzee mmoja wa Ubwari, mwenye maboti. Meza yake ilikuwa nyuma ya nguzo, tukamuwekea skrini yake, sortie ya nne, ili amuone binti yake. Sortie ya kwanza ilikuwa skrini yangu ndogo: ilionyesha jikoni, kamera ya entrée ya tatu, nijue chakula kikiiva.

Chef wa protocole, yule wa kupanga wageni na viti, akaja na glovu zake nyeupe. "Mukwe iko namba ngapi?"

"Ine."

"Ine? Baba ya bibi-arusi? Na moja ni ya nani?"

"Yangu."

"We! Unajitia mbele ya mukwe?"

"Ni namba za matundu, chef. Hazina heshima."

Akaondoka amenuna. Mara groupe ikaishiwa mafuta, nikatoka kuijaza. Ile matrice ikikosa umeme inasahau yote, basi niliporudi nikaandika upya. E3S1, Entrée. Ikajibu OK. Lakini kwenye skrini yangu, badala ya jikoni, bibi-arusi! Nikarudia. OK. Bibi-arusi. Nikauliza: ?S1. Ikajibu: E3. Directeur alikuwa amesimama mgongoni mwangu.

"Umeanza tena?"

Kicheko kikalipuka kwenye meza ya mukwe. Tukakimbilia kule. Skrini yake inaonyesha jikoni, na katikati ya jikoni chef wa protocole, glovu mfukoni, anachomoa firigisi ya kuku wa mukwe na kuitafuna. Firigisi ya mukwe! Kwetu hata mtoto anajua haiguswi.

"Ondoa hiyo picha!" Directeur akanipigia kelele.

Mukwe akainua fimbo. "Mutu asiguse! Nataka nione kama atakula na maini."

Aliyala.

Nikaenda nyuma ya matrice: kamba ya moja na ya ine zimebadilishana. Chef akaingia na sahani, mikono miwili, akapiga goti. "Mukwe, kuku yako."

"Firigisi iko wapi?"

"Hawa kuku ba leo, mukwe, bengine banazaliwa bila."

Watu wakashika mbavu. Akageuka, akaona jikoni tupu kwenye skrini, akaelewa. "Mukwe, ile kamba nilihamisha kwa heshima yako. Haungekaa namba ine."

"Heshima imenifikia," mzee akasema. "Utaongeza mbuzi kwa ile firigisi." Kisha kwa Directeur: "Na huyu mzee wa mashini asifukuzwe. Hajanificha kitu."

Nikabaki mpaka macho yakashindwa kuona yale meno tisa. Kijana wa diplome alipokuja, akaniomba kitabu cha maelekezo. Nikamwambia: andika, bonyeza Entrée, iulize. Ikikujibu vizuri na picha bado mbaya, nenda nyuma, utafute nani amegusa kamba. Mashini haijanidanganya hata siku moja.

Leo niko na nyumba ya matofali, vyumba vine. Shamba la mihogo Lweba. Mbuzi sita. Boti moja, nusu yake ya ndugu yangu mukubwa. Na kuku kumi na wawili, kila mmoja na firigisi yake.